Feni inanguruma nikiiacha mashine, nikifungua Task Manager inatulia. Hiki kitu nakiuaje?

KonaStationery (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Nina stationery ndogo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nachapa, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na msimu ukifika najaza watu fomu za HESLB na Ajira Portal. Mashine inayonisumbua ni ya mezani, Core i5 kizazi cha tatu, RAM 8, Windows 10. Niliichukua used, na muuzaji alinipa ikiwa imeshajazwa kila kitu: Office, programu ya kuhariri picha, antivirasi, vyote "full".

Shida yenyewe: nikiiacha bila kuigusa kidogo tu, feni inanguruma hadi mteja anauliza kama nimewasha jenereta. Nikirudi kuchapa, herufi zinachelewa kutokea kwenye Word. Nafungua Task Manager nimwone mchawi ni nani, kwa sekunde moja naona prosesa iko 100%, halafu inaporomoka hadi 4% na feni inatulia. Nikiifunga Task Manager, baada ya muda mfupi kelele zinarudi. Uniti za LUKU nazo siku hizi zinakwenda mbio na sijaongeza kifaa chochote dukani.

Kuna wakati nawahi kuona jina kabla halijapotea: svchost.exe. Nabonyeza End task, inaondoka, inarudi. Naomba msiniambie nifomati, draiva za printa na skana kwenye mashine hii nilizisaka kwa jasho. Nataka kitu hiki kife na kisirudi. Wajuzi tiririkeni.

Bwana Bandiko

Fomati mkuu. Mengine yote ni mbwembwe.

dogo_mashine

Panga kwa jina kwenye Task Manager, kisha ua svchost zote moja moja. Kwangu nilizikuta kama sabini, virusi hao wanazaliana.

Fundi Sumaku

Mleta mada, tafadhali ushauri wa dogo usiufuate kabla hujamaliza kusoma hapa.

svchost.exe ni mali ya Windows yenyewe. Kazi yake ni kubeba huduma za mfumo: sauti, mtandao, saa, masasisho na kadhalika. Zamani moja ilikuwa inabeba huduma nyingi kwa pamoja. Kuanzia Windows 10 toleo la 1703, la mwaka 2017, mashine yenye RAM zaidi ya GB 3.5 huipa karibu kila huduma svchost yake. Kwa hiyo kukuta sabini ni kawaida kabisa, dogo. Ukianza kuziua ovyo utapoteza sauti, kisha mtandao, na zipo ambazo ukizigusa tu Windows inaanguka na skrini ya bluu yenye maneno CRITICAL_PROCESS_DIED.

Ndiyo maana wanaotengeneza virusi wanalipenda jina hilo. Ukijificha kwenye umati wa watu sabini wenye jina moja, nani atakuona? Usihangaike na jina. Angalia faili linakaa wapi. svchost halali inakaa C:\Windows\System32, na ile ya biti 32 iko C:\Windows\SysWOW64. Halafu mzazi wake, yaani prosesi (programu inayoendeshwa) iliyoianzisha, ni services.exe. Ukikuta svchost inaishi kwenye AppData, Temp, ProgramData au folda ya Public, hiyo ni tapeli aliyevaa sare. Soma pia herufi vizuri, wengine huandika scvhost au svch0st yenye sifuri.

Sasa hilo la feni kutulia ukifungua Task Manager. Hiyo peke yake imeshanipa picha. Kuna aina ya programu za wizi zinazochungulia orodha ya prosesi muda wote, zikiona Taskmgr.exe imefunguka zinajizima au zinasinzia. Ukifunga, zinaamka. Kwa hiyo usiichunguze kwa Task Manager. Fanya hivi:

Bonyeza Start, andika powershell, bofya kwa kulia, chagua Run as administrator. Liache dirisha hilo wazi, andika amri ifuatayo lakini usibonyeze Enter:

`Get-CimInstance Win32_Process -Filter "Name='svchost.exe'" | Select-Object ProcessId, ParentProcessId, ExecutablePath, CommandLine | Format-List`

Ondoka, kanywe chai. Feni ikianza kunguruma, rudi ubonyeze Enter. Orodha itakuwa ndefu, lakini nyingi zitakuwa na System32 na "-k" kwenye mstari wa amri. Mtafute asiyefanana na wenzake, umlete hapa. Usiue chochote kwanza.

mama_printa

Naweka kambi hapa. Na mimi nina langu nitauliza baadaye, sitaki kuharibu mada.

dogo_mashine

Fundi nimekuelewa. Ila kwangu kuna kitu kinaitwa System Idle Process kinakula 97 na kinakataa kufa. Hicho nacho ni cha Windows?

Fundi Sumaku

Hahaha. Hiyo ni hesabu ya muda ambao prosesa haina kazi. Ikiwa 97 maana yake mashine yako imepumzika. Iache ipumzike.

KonaStationery

Mrejesho wa kwanza. Nimefanya kama fundi alivyosema. Svchost zote ziko System32 isipokuwa moja. Hii hapa, nimeficha jina la mtumiaji:

ExecutablePath : C:\Users\...\AppData\Roaming\WinSvc\svchost.exe
CommandLine : ... -o stratum+tcp://... -u 4... (herufi na namba ndefu sana) ... -k

Namba ya mzazi wake nimeitafuta kwenye orodha nzima, nimekuta ni ya kitu kinaitwa winupdt.exe, na chenyewe kiko kwenye folda hiyohiyo. Nimejaribu `taskkill /F /PID` kwenye dirisha jeusi la kawaida ikaniambia Access is denied. Nikafungua kama administrator ikakubali, SUCCESS, nikashangilia. Muda si mrefu ikarudi na namba mpya.

Fundi Sumaku

Nilikwambia usiue kwanza, haya.

Hiyo stratum+tcp ndiyo kitambulisho chake. Ni lugha ambayo wachimbaji wa sarafu za kidijitali hutumia kuongea na seva ya kundi lao. Na hiyo namba ndefu inayoanza na 4 ni mkoba wa mtu, karibu hakika wa Monero, moja ya sarafu hizo. Ulikuwa unamlipia mtu umeme, mkuu. Bitcoin haichimbiki kwenye i5 kwa faida, lakini Monero tangu Novemba 2019 inatumia RandomX, hesabu iliyotungwa makusudi ili prosesa za kawaida ziweze kuifanya. Programu yenyewe mara nyingi ni XMRig, ambayo ni halali na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Wezi wanaibadilisha jina tu na kuificha ndani ya zile programu "full". Na hiyo "-k" humo kwao ina kazi nyingine kabisa, isikuchanganye na ya svchost halali. Njia ya faili ndiyo inayosema kweli.

Sasa kwa nini inarudi. Hapa ndipo wengi wanapoteza muda, kwa sababu wanaendelea kutafuta amri kali zaidi ya kuua. Amri uliyotumia ilifanya kazi, umeua kweli. Swali ni nani anayemfufua. Hapo kwako tayari yuko mmoja, winupdt. Hao ni walinzi wawili wa lindo, mmoja akianguka mwenzake anapuliza filimbi na mwingine analetwa. Ukimuua svchost feki, winupdt anamwanzisha upya. Ukimuua winupdt, inawezekana kabisa svchost feki naye anamwanzisha mwenzake.

Dawa yake ni kuwagandisha kabla ya kuwaua. Pakua Process Explorer kutoka kwenye tovuti ya Microsoft, sehemu ya Sysinternals. Ni zana za Mark Russinovich na Bryce Cogswell, Microsoft ilizinunua mwaka 2006, ni za bure na hazihitaji kusakinishwa. Kabla ya kuifungua, badilisha jina la faili kutoka procexp64.exe liwe chochote, kwa mfano shangazi.exe, kwa sababu baadhi ya wachimbaji hawa huchungulia na jina hilo pia. Ifungue kama administrator.

Utaona prosesi zimepangwa kama mti, mtoto chini ya mzazi. Bofya kwa kulia kwenye winupdt, chagua Suspend. Usichague Kill. Fanya hivyohivyo kwa svchost feki. Zikishaganda zote mbili, zinaonekana ziko hai kwenye orodha lakini hazifanyi kitu, na hakuna inayoweza kugundua mwenzake kafa. Hapo sasa Kill moja, Kill nyingine. Kisha kaa utazame. Zikikaa kimya, mfufuaji alikuwa ni wao wenyewe. Zikirudi, kuna mwingine nje, na nina hakika yupo, maana lazima kuna kinachoziwasha mashine ikiwaka.

Bwana Bandiko

Mimi ningekuwa nimeshafomati na nimeshakula.

Kibo Admin

Fundi ameelezea vizuri, niongeze kidogo upande wa Linux kwa sababu kanuni ni ileile na kuna watu humu wana seva.

Kuna "haifi" za aina mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni hii ya mleta mada: inakufa, inafufuliwa. Kwenye Linux mfufuaji mara nyingi ni systemd, msimamizi wa huduma za mfumo. Ukiua prosesi ya huduma yenye `Restart=always` kwa kill, systemd anaona imeanguka na anaiwasha tena. Hapo hajakosea, ndiyo kazi aliyopewa. Unatakiwa kuongea na mkubwa wake: `systemctl stop jina`, ukitaka isiwake mashine ikiwashwa `systemctl disable jina`, na kama kuna huduma nyingine inayoiamsha kwa mlango wa nyuma, `systemctl mask jina`. Kama haiko kwa systemd, angalia `crontab -l` (orodha ya kazi za ratiba) ya kila mtumiaji, siyo yako tu.

Aina ya pili ndiyo ngumu: haifi kabisa. Unapiga `kill -9`, unasubiri, iko palepale. Hii si ukaidi wa programu. kill ya kawaida inatuma ishara namba 15, SIGTERM, ambayo programu inaweza kuisikia, ikafunga mafaili yake na kutoka kwa adabu, au ikaipuuza. Namba 9, SIGKILL, programu haiulizwi, keneli yenyewe (kiini cha mfumo) inaiondoa. Lakini kama prosesi imeingia ndani ya keneli kusubiri diski au mtandao, kwa usingizi usioamshwa, hata namba 9 inabaki mlangoni hadi diski ijibu. Fanya hivi uone:

`ps -eo pid,ppid,stat,wchan:20,cmd`

Kwenye safu ya STAT ukiona D, ndiyo hiyo. Ofisini tuliwahi kuwa na rsync ya kunakili data kwenye diski ya nje ikakwama D. Jamaa wa zamu alipiga kill -9 hadi kidole kikachoka. Nilipofungua `dmesg` (ujumbe wa keneli) nikakuta I/O error zimejipanga, na ule ujumbe wa "blocked for more than 120 seconds". Diski ilikuwa inakufa. Tulipochomoa waya wake prosesi ikatoka yenyewe papo hapo. Kama ingekuwa folda ya NFS (inayofikiwa kupitia mtandao) ambayo seva yake imezimika, ni kuirudisha seva hewani, au `umount -f`, na ikishindikana `umount -l`.

Ukiona Z usihangaike. Hiyo ni zombi, imeshakufa, imebaki jina kwenye orodha kwa sababu mzazi wake hajaja kuchukua taarifa ya kifo. Huwezi kuua maiti. Mshughulikie mzazi.

Nyangumi254

Niaje watu wa bongo. Hapo kwa D state Kibo amegonga ndipo. Lakini mimi huku Nairobi kila kitu kikikwama napiga -9 moja kwa moja, sijawahi kuona shida. Hii mambo ya 15 ni kupoteza time.

Kibo Admin

Nyangumi, kwa kivinjari kilichoganda piga tu. Kwa hifadhidata usithubutu. Waandishi wa PostgreSQL wenyewe wanakataza kwenye mwongozo wao kuizima seva kwa SIGKILL, kwa sababu inakosa nafasi ya kuachia kumbukumbu ya pamoja na kuwafunga watoto wake. Ikiwaka tena inabidi ijitibu kwanza kwa kusoma kumbukumbu za miamala, na mtoto aliyebaki anaweza kuzuia isianze. Tuma 15, ipe muda. Hata systemd wakati wa kuzima hufanya hivyo: anatuma 15, kwa kawaida anasubiri sekunde 90, ndipo anatuma 9. Ile "A stop job is running" inayokukera ukizima laptop ni yeye anahesabu.

Nyangumi254

Sawa, ya database nakubali. Ya browser nitaendelea.

mama_printa

Sasa nadhani langu linaingia hapa. Printa yangu, mtu akituma kazi ya kurasa nyingi ikakwama, nabonyeza kufuta, inaandika Deleting halafu inabaki hivyo hadi kesho. Nikizima printa na kuiwasha bado ipo. Wateja wamepanga foleni, mimi nazima kompyuta nzima. Hiyo ni D au ni zombi?

Fundi Sumaku

Mama, hiyo si D wala zombi, ni foleni ya kuchapa imeng'ang'ania faili. Huna haja ya kuzima kompyuta. Fungua Command Prompt kama administrator:

`net stop spooler`

Kisha fungua folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, itakuomba ruhusa, kubali. Ndani utaona mafaili ya .SPL na .SHD, hizo ndizo kazi zilizokwama. Futa yaliyomo yote, folda yenyewe iache. Halafu:

`net start spooler`

Ukisimamisha huduma kwanza ndipo mafaili yanaachiwa. Ukijaribu kuyafuta ikiwa hai, Windows itakwambia yanatumika. Fahamu tu kwamba kazi zote zilizokuwa kwenye foleni zinaondoka, siyo ile moja, kwa hiyo waambie wateja watume upya.

Na ikitokea net stop inaganda kwenye "stopping" bila kumaliza, andika `sc queryex spooler`. Utaona STATE ni STOP_PENDING na chini yake PID, yaani namba ya prosesi. Chukua namba hiyo: `taskkill /F /PID namba`. Njia hiyo inatumika kwa huduma yoyote iliyokataa kumaliza kufa, ilimradi ina prosesi yake peke yake. Ikiwa inashiriki svchost na wenzake utaondoka nao wote, kagua kwanza kwa `tasklist /svc`.

mama_printa

Fundi Mungu akubariki. Imekwisha chini ya dakika moja na mteja bado amesimama hapa.

dogo_mashine

Na ile Windows Update je? Nikiizima kwenye services.msc, Disabled kabisa, baada ya siku kadhaa naikuta imejiwasha na bando limeenda. Hapo mfufuaji ni nani?

Fundi Sumaku

Hapo mfufuaji ni Windows mwenyewe, dogo. Kuna huduma inaitwa WaaSMedicSvc, kazi yake ni kurekebisha vipengele vya masasisho vikiharibika, na kwake wewe kuizima wuauserv (huduma ya Windows Update) ni kuharibika. Mtu anaweza kupigana nayo kwenye Registry, lakini mimi siungi mkono, kwa sababu masasisho ya usalama ndiyo yanayozuia mambo kama haya ya mleta mada.

Kama shida ni bando, iambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Settings, Network & Internet, ingia kwenye Wi-Fi uliyounganishwa, washa Set as metered connection. Masasisho mengi yatasubiri. Unaweza pia kuyasimamisha hadi siku 35 kwa Pause updates. Siku ukipata Wi-Fi ya bure, iruhusu ipakue, baada ya hapo mashine inakuacha.

KonaStationery

Mrejesho wa pili wakuu. Shangazi.exe amefanya kazi. Nimegandisha zote mbili, nikaua. Zimekaa kimya nusu saa, nikachapa kazi za wateja bila shida. Nikawasha upya mashine: zimerudi zote mbili.

Fundi Sumaku

Safi, sasa tunamfuata aliye nje. Pakua Autoruns, ni ya haohao wa Sysinternals. Ifungue kama administrator, kwenye Options washa Hide Microsoft Entries ili ubaki na wageni tu. Inakuonyesha kila sehemu ambayo kitu kinaweza kujiwasha kutoka: Logon, Services, Scheduled Tasks, WMI (sehemu ya usimamizi wa Windows) na nyingine nyingi. Kuwa na subira na kichupo cha Scheduled Tasks, ndiko ninakowakamata wengi. WMI kwa mashine ya kawaida ya nyumbani au dukani huwa hakuna kitu, ukikuta kitu humo kitilie shaka kubwa.

Ukimpata, usifute kwanza, ondoa alama ya tiki. Washa upya uone. Kama hakuna kilichoharibika ndipo ufute.

Na kabla hujaenda huko, kitu kimoja ambacho wengi hawakiangalii. Andika kwenye PowerShell ya administrator:

`Get-MpPreference | Select-Object -ExpandProperty ExclusionPath`

Hiyo ni orodha ya folda ambazo Defender, antivirasi ya Windows yenyewe, ameambiwa asizikague.

KonaStationery

Jamani. Imeniletea mstari mmoja tu: C:\

Yaani diski nzima ameambiwa asikague? Na ndiyo maana nikiskani kila siku inasema hakuna tatizo.

Kwenye Autoruns nimemkuta: Scheduled Tasks, kazi yenye jina linalofanana na la Windows, inaita winupdt.exe. Nimeifungua kwenye Task Scheduler, nikalazimika kuwasha Show Hidden Tasks ndipo ikaonekana. Inaanza mtu akiingia kwenye akaunti.

Fundi Sumaku

Huyo ndiye baba yao. Na hiyo C:\ imewekwa na aliyekusakinishia zile "full", au na zile programu zenyewe wakati zinasakinishwa. Zile za kuvunja leseni mara nyingi zinakwambia kabisa "zima antivirasi kwanza", watu wanatii.

Mpangilio: `Remove-MpPreference -ExclusionPath "C:\"`. Ondoa tiki ya ile kazi kwenye Autoruns. Gandisha, ua. Futa folda ya WinSvc. Kisha Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua ile ya Offline. Mashine itajizima na kuwaka kwenye mazingira ya pembeni ambako Windows yako haijaamka, kwa hiyo hakuna kinachoweza kujificha wala kufufua mwenzake. Inachukua kama robo saa. Kama hiyo antivirasi nyingine uliyopewa nayo ni ya kuvunja leseni, itoe kwanza, vinginevyo Defender amekaa pembeni.

KonaStationery

Offline scan imekamata vitatu, viwili ni vya ile programu ya picha. Nimewasha upya zaidi ya mara moja, PowerShell naona svchost zote ni za System32. Prosesa nikiiacha iko 2 hadi 5. Nashukuru sana wakuu, mada naona tunaweza kufunga.

Kibo Admin

Tusifunge. Mkuu, umesema mwanzo kwamba unajaza watu fomu za HESLB na Ajira Portal. Kwenye mashine hiyohiyo?

KonaStationery

Ndiyo, hiyohiyo.

Kibo Admin

Basi mchimbaji umemwona kwa sababu anapiga kelele. Anayeiba nywila hapigi kelele, hatumii hata 1% ya prosesa, na mara nyingi wanakuja kwenye kifurushi kimoja. Mtu aliyeweza kumwambia Defender asikague C:\ alikuwa na ruhusa zote za administrator, angeweza kufanya lolote. Kwenye mashine ya kuangalia mpira ningekwambia endelea nayo. Kwenye mashine inayopita vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na nywila za barua pepe za watoto wa watu, mimi ningeifuta yote na kuanza upya. Na nywila zako mwenyewe ubadilishe ukitumia simu, siyo hapo.

Bwana Bandiko

Niliandika hivi kwenye jibu la kwanza kabisa. Neno moja. Mkanidharau.

Fundi Sumaku

Bandiko leo umepata, ila kwa sababu ambayo hukuijua. Angefomati siku ile angerudi kwa muuzaji yuleyule na flashi ileile.

Kona, nakubaliana na Kibo. Draiva zisikutishe, kabla ya kufuta andika hii kwenye PowerShell ya administrator, ukiwa na flashi safi, mfano E:

`Export-WindowsDriver -Online -Destination E:\draiva`

Inakusanya draiva zote za wahusika wengine zilizomo, printa na skana zikiwemo. Ukimaliza kuweka Windows mpya, kwenye Device Manager unaielekeza kwenye folda hiyo. Windows ichukue kwenye tovuti ya Microsoft kwa Media Creation Tool, flashi ya GB 8 inatosha, andaa bando la usiku.

Jua tu kwamba i5 ya kizazi cha tatu haimo kwenye orodha ya Windows 11, wao wanaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo fikiria pia Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) na LibreOffice (badala ya Office), ila jaribu kwanza kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, uone kama printa na skana zako zinatambulika. Zikikubali, hutahitaji programu za "full" tena.

KonaStationery

Nimeelewa. Mafaili ya wateja je? Nikiyahamisha kwenye flashi si nahamisha na ugonjwa?

Fundi Sumaku

Hamisha docx, xlsx, pdf na picha tu. Usibebe exe, msi, bat, vbs wala lnk hata kama unalifahamu jina lake. Kwanza washa File name extensions kwenye kichupo cha View cha File Explorer, maana bila hiyo barua.pdf.exe inaonekana kama barua.pdf. Ukikuta yenye mikia miwili hivyo, iache hukohuko.